Mwanafunzi Wenu Tuliyemuaga Hajaondoka

Kornelio Shemhina,
Mkulima wa kabichi,
Juu ya misheni, Rangwi,
Lushoto, Tanga.

Kwa Msajili,
Ofisi ya Udahili wa Wanafunzi,
Chuo Kikuu cha Harrowmere,
Uingereza.

YAH: OMBI LA KUJA KUMCHUKUA MWANAFUNZI WENU

Ndugu Msajili,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi naisubiri ya kwangu. Habari za huko, za familia na za mifugo? Sisi huku ni wazima. Ukungu umetukalia tangu mwezi uanze, lakini kabichi zinaupenda.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza chote cha nyumba hii anacho mke wangu, Loyce, mwalimu wa sekondari yetu ya kata, ambaye ndiye mwanafunzi wenu wa Shahada ya Uzamili ya Kiingereza kwa njia ya mtandao. Kama hapo ofisini hakuna anayejua Kiswahili, mpeni Loyce huyo huyo awatafsirie. Ni mwaminifu, hatapunguza neno.

Lalamiko langu kwa kifupi ni hili: mmemchukua mke wangu lakini hamjamwondoa. Naomba mchague moja. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa namba, msije mkasema niliandika nikiwa na hasira. Hasira ninazo, ila nimezipanga.

1. Kuhusu maombi yake. Mlitaka barua za watu wawili wanaomfahamu vizuri, na wasiwe ndugu zake. Ndugu Msajili, umewahi kufika Rangwi? Huku asiyekuwa ndugu wa Loyce ni ndugu yangu mimi, na asiyekuwa wa kwake wala wa kwangu basi ni mgeni wa jana. Mwalimu mkuu wake ni mtoto wa shangazi yake. Katekista Stephano ni mjomba wangu. Padri sawa, yeye katoka Iringa, akaandika. Wa pili tukamtafuta mlima mzima, tukampata Yassir, fundi simu kutoka Kigoma, ambaye alimfahamu Loyce kwa kumbadilishia kioo cha simu. Akaandika kwamba ni mama mtulivu, hata akiambiwa kioo hakijafika hapigi kelele. Mkamkubali kwa hilo! Mimi niliyeishi naye hadi mtoto wetu Happiness amekuwa mtu mzima, hamkuniuliza hata neno moja. Ningewaambia kwamba huyu anasoma kitabu kwa mkono mmoja huku anasonga ugali kwa mkono wa pili, na ugali haujawahi kuungua. Hiyo ndiyo barua mliyoikosa.

2. Kuhusu kuagwa. Siku mlipomkubali, Loyce alipiga kelele moja tu uani: "Nimepata chuo Uingereza!" Mama yangu mzazi, Bibi Perpetua, alikuwa barazani anachambua maharage. Kufika jioni jumuiya yetu yote ya kanisa ilishajua. Na kwetu mtu akienda kusoma ng'ambo haondoki kimyakimya kama mwizi wa kuku. Anaagwa.

Loyce alieleza. Naapa alieleza, na mimi nikaeleza, kwamba masomo yanakuja kwenye simu na yeye haendi popote. Katekista akasema huo ndio unyenyekevu wa msomi wa kweli. Mama akasema hata marehemu baba yangu alipokwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai kule Amani alisema haendi mbali. Basi mbuzi akachinjwa. Kina mama wakaleta blanketi, sweta, soksi za sufu na begi kubwa la magurudumu, eti Ulaya kuna baridi, na wakati wanasema hivyo meno yao yalikuwa yanagongana kwa baridi ya hapa hapa. Kwaya ikaimba mpaka watu wazima wakalia. Mimi sikulia, na mpaka leo nasemwa kwamba nina roho ngumu.

Mwisho mama akamnyunyizia Loyce maji ya baraka pale kizingitini, akamgeuzia mgongo. Hapa soma polepole, Ndugu Msajili, maana shida yote iko hapa. Kwa mama yangu na wazee wenzake, mtu aliyeagwa hivyo haonwi tena mpaka arudi na kupokelewa. Ukimwona kabla, umemrudisha njiani, na anayerudishwa njiani nuksi humfuata mpaka kwa watoto. Kwa hiyo Loyce akatoka kwa mlango wa mbele akisindikizwa na nyimbo, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni kuosha masufuria.

3. Kuhusu kutoonwa. Tangu siku hiyo, mwezi wa tisa mwaka jana, mama hamwoni mkwewe. Anakula makande aliyopika Loyce na kusema leo makande yamejipika vizuri. Kila tunaposali anamwombea huko ugenini, Mungu amkinge na baridi, amwepushe na vyakula vibichi, na Loyce aliyekaa ubavuni pake anaitikia amina. Mwezi uliopita Loyce alishikwa na kikohozi kibaya. Mama akasema nyumba hii siku hizi ina kikohozi, akafungua dirisha.

Kanisani nako nafasi yake ya kwaya amepewa Sesilia, mtu mwema sana, ila akifika sauti za juu mbwa wa misheni wanaamka. Jumapili moja wageni waliombwa wasimame wajitambulishe. Mgeni anaruhusiwa kuonekana, kwa hiyo benchi zima likamgeukia Loyce na kumsukuma kidogo. Akasimama. Akasema anaitwa Loyce, anatoka nyumba ya pili baada ya kisima. Akapigiwa makofi ya kukaribishwa, akaambiwa ajisikie nyumbani. Tuliporudi alilia, Ndugu Msajili. Hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

4. Kuhusu mhadhiri wenu. Mtandao wenye nguvu za kubeba masomo yenu unapatikana mahali pamoja tu, kwenye jiwe lililoko juu ya shamba langu la kabichi. Hapo ndipo Loyce anaposomea, kajifunika lile blanketi la Ulaya. Siku moja nikapita nyuma yake na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mhadhiri, binti wa rika la Happiness wangu, akanipungia mkono. Shikamoo hakuna. Habari za kazi hakuna. Kisha akamwita mke wangu "Loyce" kavukavu, kama anaita mtoto aliyeacha zizi wazi. Huku kwetu yule ni Mama Happiness hata kwa mtu aliyegombana naye! Nikatua mzigo, nikasimama mbele ya simu nikiisubiri shikamoo yangu. Niliisubiri mpaka bando likaisha. Loyce alininunia hadi kesho yake, na ukikumbuka kwamba ndani ya nyumba ile ni mimi peke yangu ninayemwona, utajua kulikuwa na ukimya wa namna gani.

5. Kuhusu zinaa. Samahani kwa neno hilo, lakini limetamkwa hadharani na mimi siwezi kulilainisha. Mama alisikia mwanamke akicheka chumbani kwangu. Ni kweli alicheka. Alikuwa ananicheka mimi, nilikuwa najaribu kusoma kwa sauti moja ya insha zenu. Lakini mama akatoka mbio mpaka kwa katekista: mkewe yuko Uingereza anahangaika na vitabu, na huyu hayawani ameshaingiza mwanamke ndani!

Nikaitwa mbele ya wazee wa jumuiya. Nikasema mwanamke huyo ni Loyce. Wakashika vichwa. Katekista Stephano akasema, "Ebo! Yaani umekwenda kutafuta hata mwenye jina moja na mkeo?" Nikasema ni Loyce mwenyewe, yule pale, kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyegeuka. Mama akaanza kulia, akasema sikulelewa hivyo.

Wakaamua kwamba mke aliyedhulumiwa apigiwe simu huko huko ng'ambo, aseme kama amenisamehe. Simu ikaita kwenye benchi la nyuma. Loyce, ambaye nidhamu yake nyinyi mnaijua, akatoka nje kwa heshima akaipokelea chini ya dirisha. Katekista akamweleza mashtaka yote. Loyce akajibu kwamba atatafakari kwanza, kwa sasa ana mtihani. Wazee wakamsikia kwenye simu na dirishani kwa pamoja, wakasema jamani, mtandao wa Uingereza ni safi.

Adhabu yangu ilikuwa kuponda kokoto za msingi wa nyumba ya katekista. Niliziponda. Aliyenisaidia kuzibeba ni yule yule niliyesemekana nimezini naye, na waliopita njiani walinionya kwamba sina hata aibu.

6. Kuhusu ninachoomba. Njooni mmchukue. Wiki mbili zinatosha. Watu wamwone akipanda basi asubuhi na lile begi lake la magurudumu, ambalo kwa sasa kuku ameatamia ndani yake, lakini kuku tutamhamisha. Afike huko, awasalimie, aguse ukuta wa chuo, arudi. Akirudi atapokelewa kwa nyimbo, mama atamwona, Sesilia atapumzika, na mimi nitakuwa nimeacha zinaa.

Kama hilo ni gumu, basi tangazeni kwa barua yenye muhuri kwamba shamba langu la kabichi, kuanzia jiwe la juu mpaka mfereji wa maji, ni sehemu ya Uingereza. Loyce atakwenda ng'ambo asubuhi na kurudi jioni, na sisi tutampokea kila siku. Kwa upande wangu siombi chochote, ila kama nchi yenu ina sheria kuhusu viwavi wa kabichi ningefurahi ianze kutumika mara moja.

Na kama hilo nalo limewashinda, basi mchukueni moja kwa moja! Akae huko mpaka amalize. Sitalalamika. Nimechoka kuishi na mtu ambaye nikimwomba chumvi mezani mama yangu ananitazama kama naongea na ukuta. Mwanamke aliyeondoka anakumbukwa, anaombewa, anaulizwa habari zake. Huyu aliyebaki hapewi hata pole ya kikohozi. Mwondoeni, nasema. Afadhali nikose mke nijue nimekosa.

Nikomee hapo. Nisalimie Mkuu wa Chuo, wahadhiri wote, wapishi, walinzi wa getini na yeyote anayefagia hapo ofisini kwako. Yule binti mhadhiri mwambie shikamoo yangu bado naidai. Jirani yetu Evelina anawasalimu, na Yassir anasema mtu yeyote hapo chuoni akivunja kioo cha simu asihangaike. Hongea sana, ndivyo tunavyoshukuru kwa Kishambaa.

Ni mimi, mume wa mwanafunzi wenu,

Kornelio Shemhina

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga barua hii, nasubiri mtu wa kuipeleka posta Lushoto, ndipo jana mkaleta ujumbe kwenye simu ya Loyce. Anasema mmempa ufadhili, kwamba mwaka wa pili akasomee huko huko kwenu, kuanzia mwezi wa tisa, na tiketi ya ndege mnalipa nyinyi. Alinisomea akiwa juu ya jiwe. Nikamwambia hongera, mke wangu. Kisha nikainamia kabichi nikatafuta viwavi ambao hawakuwepo.

Tulipomwambia mama, aliacha maharage yakamwagika. Akanyanyua uso, akamtazama Loyce machoni. Akamshika mkono. Akasema, "Mama Happiness, mbona umekonda hivi? Kikohozi chote kile, na hukuniomba hata tangawizi?" Tangu hapo hajauachia ule mkono. Amekwenda naye kisimani, amekwenda naye kukamua ng'ombe, na wakati wa sala alishindwa kuomba, akabaki anasema tu, "Yuko hapa, Bwana, unamwona, yuko hapa." Habari za nuksi hataki kuzisikia. Katekista alipopita kutukumbusha, alifukuzwa kwa mwiko.

Siku ile ya kumuaga sikulia, nimeshawaambia. Sikulia kwa sababu nilijua jioni atakuwa mezani. Jana nililia, Ndugu Msajili, tena sana.

Kwa hiyo namba ya kwanza hadi ya sita nazifuta zote. Na pale juu niliposema mpeni Loyce awatafsirie, nafuta pia, tafadhali asiione kabisa. Mwacheni asomee pale pale kwenye jiwe. Mhadhiri anipungie mkono kadiri apendavyo, nami nitampungia. Loyce mwenyewe nimemuuliza kama atakwenda, akasema atatafakari kwanza, kwa sasa ana mtihani. Mimi simzuii, asije akasema nilimzuia. Ila begi haliwezi kusafiri, kuku bado ameatamia, na leo asubuhi nimemwongezea mayai.