Kitanda Namba Saba Anaendelea Vizuri

Jumatatu, 3 Juni

Hatimaye! Sista Mkuu anatafuta naibu wa wodi. Tumebaki wawili: mimi, muuguzi kwa miaka kumi na mmoja sasa, na mwenzangu mmoja ambaye simtaji jina. Masharti: kila mtu achague nadharia moja ya uuguzi, aitumie kwa mgonjwa mmoja siku tano, aandike kila kitu kwenye faili. Naibu ana meza yake. Ana kiti cha kuzunguka! Nimekikalia Sista alipokwenda kunywa chai. Kinazunguka kweli.

Mwenzangu amechagua nadharia ya mazingira: hewa safi, mwanga, utulivu. Kutwa anafungua madirisha. Basi nimempa jina, Madirisha. Mimi nimechagua nadharia ya kujihudumia: mgonjwa afanye mwenyewe analoliweza, muuguzi azibe pengo tu. Sijapata kuona kitabu kinachonielewa hivi. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Unatosha.

Mgonjwa wangu ni Mzee Fundi wa kitanda namba saba, mshona nguo mstaafu. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, ikaunga. Daktari anasema anaweza kutembea. Mwenyewe anaogopa kuanguka tena, hataki hata kukaa ukingoni mwa kitanda. Binti yake anaishi ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Mzee asipotembea hadi Jumamosi atapelekwa nyumba ya kulelea wazee, mbali na wajukuu. Binti ameniomba nifanye kila niwezalo. Nimemwambia nitafanya kidogo kuliko hapo, kwa mujibu wa nadharia. Hakuelewa.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imeanza. Nimeweka maji, kitana na kijiko mahali ambapo Mzee atajinyoosha kuvifikia. Kisha nikakaa nikasoma gazeti. Mzee akaniambia fundi anayemwambia mteja ajishonee suruali, afadhali afunge duka. Nikamwambia hiyo ni sayansi. Akageukia ukutani.

Hajanywa maji mpaka saa nane. Madirisha alipita akamsogezea. Kiherehere!

Jumatano, 5 Juni

Mgonjwa wa Madirisha amekaa juani anacheka. Sista kamsifu mbele ya wodi nzima. Roho iliniuma, sifichi.

Nikaona dawa ya moto ni moto. Nikavuta pazia la dirisha la mgonjwa wake, mkabala na kitanda namba saba, ili mwanga upungue. Nilivuta kwa hasira kidogo. Likachanika kutoka juu mpaka katikati. Nimelibandika kwa plasta, ile ya vidonda. Mzee Fundi akalikodolea macho mchana kutwa. Akasema hawezi kulala mbele ya kitu kama kile. Nikamshauri alale upande wa pili.

Jambo jema moja: nimejaza faili lote mpaka Ijumaa, kuokoa muda. Alhamisi: “Saa nne, mgonjwa amepumzika kitandani, anatabasamu.” Ijumaa: “Mgonjwa amemshukuru muuguzi wake.” Maendeleo ya wastani, ya kuaminika. Nilibadilisha hata kalamu.

Alhamisi, 6 Juni

Siku gani hii!

Saa nne kamili narudi kutoka kunywa chai. Kitanda namba saba kitupu! Shuka limekunjwa. Mzee hayupo. Nikatazama bafuni. Nikatazama chini ya vitanda. Nikatazama kwenye kabati la dawa, Mungu anisamehe, mtu mzima kabisa. Nikaziwaza ngazi za hospitali. Nikamwona Mzee chini ya zile ngazi, na binti yake akiniuliza nilikuwa wapi. Kiti cha kuzunguka sikukiwaza hata kidogo.

Nageuka, Sista Mkuu huyu hapa, kasimama kando ya kitanda kitupu na faili mkononi. Akanisomea, polepole, kwamba mgonjwa amepumzika na anatabasamu. Akauliza anatabasamia wapi.

Ndipo tukasikia cherehani.

Chumba cha kushonea mashuka kiko mwisho wa ukumbi. Mzee Fundi kakaa, pazia mapajani, mguu wa upande uliopasuliwa unakanyaga pedeli! Alishindwa kulivumilia pazia. Akaamka, akamwomba Madirisha alishushe. Akashika ukuta. Hatua ishirini na nane, kazihesabu mwenyewe. Na Madirisha alikuwa nyuma yake njia nzima, kabeba kiti, hamgusi, anamwekea tu pale anapochoka. Mara mbili. Angeniambia, ila tangu Jumatatu mimi na yeye hatusemeshani.

Nikaegemea mlango nikalia. Kwa furaha. Mzee akaniomba nisiegemee, namzibia mwanga.

Halafu nikatambua: ile ni nadharia yangu! Madirisha kaniibia!

Ijumaa, 7 Juni

Madirisha ndiye naibu. Mimi nina barua ya onyo. Sista amesema faili huandikwa lililotokea, si lile mtu analoliombea. Akaongeza kuwa kumwachia mgonjwa afanye anachoweza ni kazi, na kumtelekeza ni jambo jingine kabisa. Nilidhani nafukuzwa. Barua tu! Nikamshukuru mpaka akanitaka nitoke.

Mzee alinitetea. Kasema bila mimi pazia lisingechanika.

Jumamosi, 8 Juni

Mzee Fundi ameruhusiwa. Amejaribu ngazi za hospitali, huku mkongojo, huku mimi. Nilimshika alipoyumba, nikamwachia alipokaa sawa. Binti yake alitungojea juu, mikono mdomoni. Mzee alipofika alimwambia pindo la sketi yake limefumuka, atalishona akifika nyumbani. Binti akacheka huku analia. Nimeshusha pumzi niliyoibeba tangu Alhamisi.

Pazia limenyooka. Huwezi kuona lilipochanika.

Jumapili, 9 Juni

Nimepumzika. Nimetafakari sana. Ukweli ni kwamba nadharia yangu ilifanya kazi. Kosa lilikuwa moja: niliandika siku chache mno. Mtu anayejaza mpaka Ijumaa anakamatwa Alhamisi. Angejaza mwezi mzima, nani angekuwa na subira ya kusoma?

Jumatatu, 10 Juni

(Naiandika leo Jumapili, kesho nitakuwa na shughuli.) Siku imekwenda salama. Madirisha ameshindwa kazi, Sista amenisifu. Mgonjwa mpya wa kitanda namba saba, awe nani awe nani, anaendelea vizuri na anatabasamu.