Programu Inayodai Shikamoo

Jumatatu, 14 Julai
Kitwana, mwenye kituo chetu cha masomo hapa Kariakoo, anatafuta msimamizi wa masomo ya mtandaoni. Ataamua Ijumaa. Tupo wawili: mimi na Badria, mwalimu wa mapishi, anayemwaga masomo kwenye kundi la WhatsApp kama dagaa wa soko la Feri. Mimi nimeunda programu! Haina picha wala vitufe. Dirisha jeusi tu: unaandika amri, somo linakuja. Ila kwanza uiandikie shikamoo. Kwetu Mikindani, nilikoondoka kijana, hata mwizi alibisha hodi.

Jumanne, 15 Julai
Majaribio. Shukuru wa darasa la hesabu kaandika mambo. Programu kimya. Kaandika oya. Ikajifunga. Safi! Adabu imerudi mjini.
Kisha Bi Sitara, mwanafunzi wangu mkongwe, akaniuliza kama nina akili timamu. Yeye na wajukuu wote wale, aiamkie mashine iliyozaliwa juzi? Badria alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 16 Julai
Nimegeuza. Sasa programu ndiyo inayoamkia. Bi Sitara kaitikia marahaba kwa sauti, kapata somo, kaiombea dua.
Shukuru naye kaamkiwa. Tangu hapo anatembea mikono nyuma kama diwani. Mama yake kaja mbio kuuliza ni mtu mzima gani huyo anayemtafutia mwanawe laana.

Alhamisi, 17 Julai
Dawa nimeipata: programu iulize umri kwanza. Yenyewe nimeipa umri wangu, sitini na nane. Mdogo aamkie, mkubwa aamkiwe. Hesabu tupu!
Angelina wa darasa la mapishi, aliyetualika kwenye sherehe yake ya kustaafu, kaandika thelathini na mbili. Programu ikamdai shikamoo. Kaondoka na darasa zima, akisema hajaja hapa kutukanwa na kompyuta.

Ijumaa, 18 Julai
Baada ya swala, Kitwana mwenyewe kaketi mbele ya dirisha jeusi. Nimemzidi miezi miwili, hivyo kaandika sitini na saba. Programu ikadai haki yake. Kanitazama. Nikamwambia sheria ni sheria.
Kazi kapewa Badria.

Jumamosi, 19 Julai
Badria, mwenye roho nzuri kuliko nilivyotaka, kakiri kwamba programu inapanga masomo vizuri mno. Ataitumia, mradi niondoe ile shikamoo. Nimeiondoa palepale. Sasa inauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za shamba na za wagonjwa, ndipo ifungue. Kosa langu nimeliona: salamu ilikuwa fupi mno.