Vita vya Mama Fidla na Kidole Chake cha Tatu

Nyamazeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe unayetafuna karanga pale nyuma, ziweke chini kwanza! Leo nasimulia vita visivyomwaga damu wala kubomoa ukuta, vita vilivyopiganwa juu ya kipande cha mbao chenye nyuzi nne, baina ya mwanamke mmoja na kidole chake mwenyewe. Asiyeamini na aende zake salama, mlango uko wazi.

Mwanamke huyo waliomjua walimwita Mama Fidla: mshika upinde, mzunguka majukwaa, mtumishi wa kila muziki, asiye na mwajiri. Ijumaa alipiga rumba hotelini, Jumamosi akasindikiza maharusi, Jumapili asubuhi akaketi na kwaya kwa uso wa mtu aliyelala mapema. Kila alikoitwa alikwenda, akavaa mavazi ya huko, akapiga kwa lafudhi ya huko. Lakini alikipenda kiti kimoja kuliko vyote, kiti cha mbao katika safu ya fidla za pili za okestra, kile kinacholia kikikaliwa. Huko pekee ndiko alikopewa kazi ya msimu mzima, akajua leo mwakani atakuwa wapi. Tena fidla zote zilipovuma kwa pamoja na yeye yuko katikati yake, mwili ulimsisimka hata akasahau njaa.

Adui wa kiti hicho alikuwa kidole cha tatu cha mkono wake wa kushoto, jemadari mwenye maringo, aliyelewa sifa za harusini. Maana harusini nota haikanyagwi, hutelezewa. Kidole huanzia chini, kikapanda taratibu juu ya uzi kikijishaua, mpaka akina mama wapige vigelegele. Katika okestra mtelezo huo ni uasi.

Ikawa siku ya mazoezi ya mwisho, pale muziki ulipotulia tuli na fidla za pili zikapaswa kushika nota moja ndefu, nyembamba, isiyo na pambo, kidole cha tatu kikateleza. Ukumbi mzima ukasikia harusi.

Bwana Kifimbo, mwongozaji wa okestra, akashusha kijiti chake. "Nani ameoa?" akauliza.

Mzee Miwani, aliyeshirikiana stendi ya karatasi za muziki na Mama Fidla, akaanza kusoma dari.

"Dada yangu," akasema Bwana Kifimbo, "mimi nakuheshimu, na upinde wako nauamini. Lakini nota hii ni mlango. Sisi sote tumesimama nje tukingoja ufunguke polepole, wewe umeshaingia kwa dirisha unacheza! Jumamosi usiku ukiteleza mbele za watu, msimu ujao kiti hicho nampa mwingine. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana."

"Nimekuelewa, kaka," akajibu, na jasho jembamba likamtoka.

Alipofika nyumbani alijifungia jikoni, akaipiga nota ile moja, akairudia, akairudia tena, hata jirani akaja kuuliza kama friji yao imeharibika. Mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na subira iliyozidi maneno, akasimama mlangoni na futi shingoni, akahutubia.

"Mke wangu, nimevumilia rumba. Nimevumilia kwaya. Hata bendi ya wale vijana wanaopiga magitaa wakiwa wamelala chali nilikwenda kuisikiliza, nikapiga na makofi. Lakini zile zote zilikuwa na mwisho. Hii nayo itaisha lini?"

"Ikinyooka."

"Mbona imenyooka kama rula?"

"Wewe unasikiliza katikati, baba. Mimi tatizo langu liko mwanzo. Kidole kinafika kimechelewa, halafu kinajifanya kimekuja kwa mbwembwe."

"Sasa si kitangulie?" akasema fundi, akarudi kwenye suruali ya watu.

Lo! Jumamosi ikafika, na mchana wa siku hiyo hiyo palikuwa na harusi aliyokwisha kuiahidi. Shangazi wa bibi harusi, mwenye sauti ya kusimamisha lori, akamsimamia mbele ya uso. "Hapo hapo! Telezesha, mwanangu, telezesha!" Na kidole, msaliti mkubwa, kikateleza, kikashangiliwa, kikateleza tena. Mama Fidla akakitazama, akaogopa kwelikweli. Akatoka mbio kabla keki haijakatwa, fidla mgongoni, akabadili nguo katika choo cha ukumbi wa okestra na kuketi kitini pake huku bado anahema.

Muziki ukaenda, ukatulia. Ikawadia ile nota.

Mwenzake Mzee Miwani alikuwa bado amepumzisha mkono. Fidla zote zilikuwa zimepumzika. Ndipo Mama Fidla akapiga moyo konde, akakichukua kidole cha tatu kabla ya wakati wake, akakisimika juu ya uzi mahali hasa pa nota, akakikandamiza. Kidole kikatetemeka. Kikataka kushuka kidogo tu, kipate pa kutokea. Akakibana. Kiti kikataka kulia, akakikalia kwa uzito wake wote. Bwana Kifimbo akainua kijiti, upinde ukagusa uzi, na kidole, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kufika, hakikuwa na njia ya kuteleza.

Nota ikatoka. Ikanyooka tangu mwanzo wake, ikaingia ndani ya nota za wenzake, ikapotea humo. Mama Fidla mwenyewe aliitafuta sauti yake asiione, na furaha ikamjaa kifuani hadi ikamuuma.

Baada ya makofi Bwana Kifimbo alipita nyuma ya jukwaa, akasimama mbele yake, akamkazia macho.

"Dada, leo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mimi sikukusikia," akasema, akampa mkono. "Mazoezi ya msimu mpya yanaanza Jumatatu. Usichelewe."

Mama Fidla akaufunga mfuko wa fidla yake huku machozi yanamdondoka, hakuyafuta.

Basi watunza tarehe wa kumbi zote na waandike kwa wino usiofutika, wasomewe walio hai na watakaozaliwa, kwamba siku ile mwanamke aliyetoka kuchezesha harusi alipiga nota moja ndefu mbele ya ukumbi uliojaa pomoni, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyemsikia.