Lami ya Zamani na Wakwe wa Kambove

Jumatatu, 7 Julai 2025
Barabara kubwa ya mtaa inang'olewa! Mashine inaparua lami ya zamani, malori yanaimwaga kiwanjani. Takataka tupu! Na Jumamosi wakwe wa binti yetu Glodie wanatoka Kambove kuleta mahari, wakati langoni petu vumbi linafika magotini. Nitatengeneza lami yangu mwenyewe. Mke wangu Albertine ameuliza kama nimekunywa. Sijanywa.

Jumanne, 8 Julai
Toroli tisa za mabonge ya lami kutoka kiwanjani! Mgongo umekwisha. Jirani Camille, fundi mstaafu wa reli, ametoa kiti nje anitazame vizuri. Ameuliza kama nafungua mgodi.

Jumatano, 9 Julai
Nimeyeyusha mabonge kwenye sufuria kubwa ya bukari, ugali wetu. Moshi mweusi! Chini yameungua, juu yamebaki mawe. Mwiko umeganda wima. Albertine akarudi kutoka sokoni.
"Papa Glodie, weye iko na akili kweli? Bageni batakula bukari mu nini?"
Camille alicheka mpaka akakohoa. Au ni ule moshi.

Alhamisi, 10 Julai
Injinia wa barabara, mama Orpa, amefuata alama za toroli hadi kwangu. Kumbe lami ya zamani si takataka! Inasagwa, inachekechwa, inapashwa moto mtamboni pamoja na lami mpya kidogo, kisha inatandikwa tena. Hivyo mawe mapya yanachimbwa machache. Yaani nimeiba barabara! Nimeomba msamaha, nikaeleza habari za Glodie. Ndipo akauona mwiko. Amecheka hadi machozi. Kesho wanajaribu mchanganyiko wao, wanatafuta njia fupi, mita thelathini. Yetu inafaa, mradi nirudishe mabonge yote. Toroli tisa tena!

Jumamosi, 12 Julai
Siku gani hii! Lami nyeusi, laini! Jana nilisimamia kazi yote, isipokuwa saa mbili nilizolala. Ila mita thelathini zimeishia kwenye lango la Camille. Wageni wakashuka pale pale! Camille, amevaa koti, akawapokea kama baba mzazi. Nikakimbia. Nikafika nimejaa vumbi, shangazi wa bwana harusi akanipa begi nimbebee. Hapo Camille akanishika mkono.
"Baba ya Glodie ni huyu. Na barabara ni yake."
Nimemsamehe kila kitu. Albertine amepikia sufuria ya mke wa Camille, mahari imepokelewa, tumecheza barabarani mpaka jua kuzama. Glodie amecheza peku. Mama Orpa pia amecheza, akigonga kisigino chini kupima ugumu.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani, pasta Nicolas ameuliza nani alitengeneza njia ile nzuri. Nilifungua mdomo nimtaje injinia. Mdomo ukasema: "Ni minye." Yaani mimi!
Anataka uwanja wote wa kanisa uwe hivyo kabla ya ubatizo wa Jumapili ijayo. Nimekubali. Kazi yenyewe nyepesi. Siku ile ya sufuria moto ulikuwa mdogo tu. Nimemtangaza Camille mbele ya waumini wote kuwa msaidizi wangu mkuu.
Yeye husali kanisa lingine. Hajui bado.