Matabaka Ndani ya Chupa ya Utomvu

Kirumba, Mwanza
9 Machi 1976

Ndugu Meneja Mutayoba,

Kwa heshima ya kazi, naleta malalamiko dhidi ya Ndugu Leonsia, fundi wa maabara ya kiwanda chetu cha utomvu wa mapapai. Mimi, Katibu wa Tawi, nimevumilia vya kutosha.

1. Ijumaa nilimkuta ameyeyusha utomvu katika maji, akatia mbolea ya chumvichumvi na dawa nzito kama asali, akatikisa, akaiacha chupa itulie. Haikupita robo saa, maji yakagawanyika: tabaka la juu na tabaka la chini. Haya yanatendeka katika nchi inayopiga vita matabaka.

2. Nilipomtaka maelezo alinijibu kwa upole kwamba protini ya kulainisha nyama huhamia juu, uchafu mwingi hubaki chini, na ndivyo inavyosafishwa. Yaani walio safi wanajitenga na kuwaachia wenzao taka.

3. Niliitisha mkutano. Tuliazimia kwa kauli moja kwamba maji yachanganyike. Leonsia mwenyewe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akaitikisa chupa mbele yetu, tukapiga makofi. Kabla hatujafika kwenye mengineyo, maji yalikuwa yamekwisha tengana. Tulirudia mara nne. Mzee Shimba, mlinzi, aliuliza kama maji hayo yalipewa taarifa ya azimio. Leonsia akasema, "Ndugu Katibu, kila kitu humo hukaa kinapopokewa vizuri." Watu walicheka, na mimi nilikuwa bado nimesimama.

4. Tangu siku hiyo naitwa Tabaka la Chini, hata na wapishi.

Kwa hiyo naomba chupa ivunjwe. Leonsia ahamishiwe Magu akalime pamba. Na wewe uliyeagiza dawa hiyo ujieleze mbele ya tawi.

Msalimie Mama Renatha, watoto, na majirani wote wa Pasiansi, pamoja na yule anayefuga bata.

Mwenzako katika ujenzi wa taifa,
Maige Kashindye
Katibu wa Tawi

Nyongeza: Barua hii naituma kwa sababu imekwisha pigwa chapa nakala tatu. Jana Leonsia alikuja nyumbani kumwamkia mama yangu, akamwachia kichupa cha kupaka nyama kabla ya kupika. Mama hana meno. Mwaka wa pili huu anakunywa mchuzi tu. Jana alikula vipande vinne vya nyama, akafuta macho. Barua ya uhamisho wa Leonsia, niliyokuwa nimekwisha iandaa, nimeichana. Naomba kichupa kingine, cha tabaka la juu tupu. Tafadhali kisitikiswe njiani.