Saini Mbili za Estelle

Jumatatu, 5 Agosti

...na bado sijamaliza habari ya vidole vya Estelle, mke wangu. Jana karatasi iliniishia nikiwa kwenye kidole gumba. Vikiwa juu ya kompyuta havionekani. Unasikia tu mlio kama mvua ndogo juu ya mabati, kisha kazi imekwisha.

Leo ni siku ya kumi na sita ya ndoa yetu. Mimi, Léonard Munyakazi, mkulima wa maharagwe wa Muheto, nimeoa mtengeneza programu! Kila asubuhi naamka na kujiambia tena.

Estelle amenieleza habari za funguo. Nimeelewa upesi, kwa kuwa anaeleza kama malaika. Mtu ana funguo mbili ndani ya kompyuta. Ufunguo mmoja anauficha, wa pili anaugawia dunia nzima ili wamwandikie barua ambazo mtu mwingine hawezi kuzisoma. Lakini dunia itajuaje kwamba ufunguo ni wake kweli? Wanakutana ana kwa ana. Unaonyesha kadi yako ya mpiga kura, unasoma alama za ufunguo wako, herufi na namba arobaini, na wenzako wanautia saini. Saini inasema: nimemwona huyu kwa macho yangu, ni yeye.

Sasa lililo kubwa. Estelle anarekebisha programu ya ramani ambayo watu wa nchi nyingi wanaitumia bure. Wanataka kumpokea kama mwenzao kamili. Sharti ni moja: ufunguo wake uwe na saini za wanachama wawili kabla ya tarehe 31. Na jimbo zima lina wanachama wawili tu! Mama Laetitia wa Goma, na Papa Hubert, mwalimu wa hesabu kule Buleusa. Hajawahi kuonana nao. Wote watakuja Jumamosi kwenye mkutano wa watengeneza programu, Kirolirwe.

Kikao cha kutia saini hakikuwa na mtu wa kukiandaa. Nimejitolea. Estelle alinitazama kwa muda mrefu. Mapenzi hayo!

Jumanne, 6 Agosti

Nimepokea alama za watu ishirini na wawili kwa simu. Zote za kawaida. Za Estelle zinaimbika.

Pigo! Prince, kijana wa Sake mwenye jenereta, amechukua ukumbi mkubwa wa shule saa ileile kwa mashindano ya mpira wa kwenye simu. Nimemwendea kwa akili. Nikamwambia, kwa huruma, kwamba paa la ukumbi ule linavuja vibaya. Akatazama juu. Anga jeupe, vumbi hadi kwenye kope.

“Papa Léonard, hii mvua ya mwezi wa nane inatoka wapi? Mu roho yako?”

Tumepewa darasa la kwanza la msingi. Madawati ya kufika magotini. Ukutani kuna picha ya bata. Estelle amesema darasa linatosha sana. Mwanamke wa namna hii hapatikani mara mbili.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya orodha. Kanuni ni hii: naandika majina na alama za wote, kila mmoja anaichapisha kwake kabla ya kuja, na baada ya hapo hakuna wa kugusa hata nukta. Hivyo hakuna mjanja wa kubadilisha kitu mlangoni.

Nikafika kwenye jina la mke wangu. Umugwaneza Estelle. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Zuri, ndiyo, lakini ni jina la msichana aliye kwa baba yake! Ukoo wangu wote ulipanda mlima kwenda kumwomba, wajomba wakiwa na viatu vipya vinavyouma. Kanisani Padri alisema nini mbele ya watu? Na kila anayepita shambani anamwamkia vipi? Iweje sasa wenye ramani wa nchi za mbali wasijue?

Nikaandika: Madame Munyakazi.

Machozi kidogo. Nikaituma kwa wote, isipokuwa yeye. Yeye ataiona Jumamosi, mbele ya watu, naye atalia pia.

Papa Hubert amepiga simu kuuliza kama kila mwenye ufunguo amehakiki mstari wake. Sauti kavu ya chaki. Nimesema wote. Wa Estelle nimeuhakiki mimi. Mume na mke si mwili mmoja?

Ijumaa, 9 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa nasuka tao la maua la mlangoni.

Dada yangu Dancille, anayepikia mkutano, amekuta vitenge vyetu vya harusi vimetandikwa juu ya madawati. Amecheka mpaka akaweka sufuria chini. “Weye kaka! Unafikiri ni weye wa kwanza kuoa mu Masisi?” Nimemjibu kwamba wengine walioa, mimi nimebarikiwa. Amesema nimletee kuni.

Estelle ameomba kuiona orodha. Nimesema asubiri, kuna jambo. Amesema taratibu kwamba kikao cha namna hii hakipendi mambo. Nimembusu paji la uso na kubadilisha mazungumzo. Alivyokunja uso! Hata akikunja uso anapendeza.

Jumamosi, 10 Agosti

Kila kitu kilianza vizuri. Mistari miwili ya watu ikitazamana, kila mmoja na orodha na kadi yake. Unamhakiki aliye mbele yako, unapiga hatua moja, unamhakiki anayefuata. Kama ngoma! Estelle alivaa gauni la kijani. Nilisimama chini ya bata nikimwangalia yeye tu.

Akafika kwa Papa Hubert. Mzee mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Alitazama kadi. Akatazama orodha. Akamtazama Estelle. Tena kadi.

“Mama, karte iko na jina ingine, liste iko na jina ingine. Sasa njo nitie saini ya nani?”

Estelle akachukua orodha, akasoma. Hakulia ile namna niliyoitarajia.

Nikaruka mbele. Nikasema ni bibi yangu, mimi njo bwana yake, kijiji kizima kinamjua!

Papa Hubert akanijibu bila kupandisha sauti: “Bwana haiko karte.” Mume si kadi, eti!

Wakacheka mpaka Prince akasikia, akaja na wachezaji wake kuona. Mmoja mmoja wakampita mke wangu bila saini. Wote! Prince akatoa kadi yake kwa mzaha, kumbe jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu mwenyewe. Aliondoka na ahadi tisa za saini. Prince!

Estelle alinivuta pembeni. Akaniuliza kwa upole, Madame Munyakazi ni nani. Nikasema ni wewe! Akasema kanisani ni yeye na shambani ni yeye, lakini ule ufunguo ni wa Umugwaneza Estelle, na ndiye aliyeutengeneza. Hakupiga kelele. Ningefarijika angepiga.

Kisha akatengeneza alichoharibu mumewe. Alimwomba Papa Hubert robo saa baada ya chakula: wakae, amwonyeshe kadi, asome alama zake mwenyewe. Mzee akakubali! Estelle akaenda kumsaidia Dancille sahani ili wamalize mapema.

Nikaona hapo ndipo pa kusaidia. Nikaketi na Papa Hubert kumlainisha, nikamsimulia tulivyokutana. Nilianzia kwenye soko la Mweso, siku alipoangusha mwavuli. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye uchumba, honi ya motari wake, kijana wa pikipiki aliyemleta, ilishalia mara mbili. Nilipofika kanisani, ikalia ya tatu, na mzee akasimama: njia ya Walikale, ya kurudi Buleusa, ni ndefu, na motari wake hasubiri. Estelle alitokea jikoni mikono ikiwa na sabuni, akaona vumbi tu.

Saini: sifuri.

Jumapili, 11 Agosti

Ameniambia habari za asubuhi. Nimeshukuru Mungu.

Baada ya misa alimkuta Mama Laetitia nje ya kanisa. Mwanamke mnene, mcheshi, viatu mkononi kwa sababu ya mawe. Alikuwa amelala kwa masista. Estelle akampa kadi, kisha akasoma alama zake zote arobaini kwa kichwa, bila karatasi! Wanakwaya wakanyamaza kusikiliza. Mama Laetitia alifuatisha kwa kidole kwenye simu yake, akamwangalia usoni, akasema: “Njo weye.” Yaani, ndiye yeye kweli! Jioni saini ikafika.

Moja. Imebaki ya Papa Hubert, na siku ishirini.

Usiku Estelle alinieleza upya, kwa uvumilivu wa mtakatifu. Kwamba saini haisemi mtu huyu ni mwema, wala ana mume anayempenda. Inasema tu: alisimama mbele yangu mwenyewe, na kadi yake, na sauti yake. Atakwenda Buleusa wiki ya mwisho, maharagwe yakishapurwa. Nimeshika mikono yake. Nimemwambia nimeelewa neno kwa neno.

Jumatatu, 12 Agosti

Sikulala kwa kuifikiria safari ile. Pikipiki mpaka barabara inakwisha, kisha miguu kwenye msitu na matope. Miguu ile! Mume gani aruhusu?

Nimepata njia. Nitakwenda mimi, kwa niaba yake. Kadi yake nitaiazima siku hiyo akiwa shambani. Nimechukua picha ya harusi, ile kubwa yenye fremu, ili Papa Hubert amwone vizuri usoni. Padri nitamwomba barua. Alama arobaini nimezinakili kwenye mkono wangu wa kushoto, nami nitazisoma kwa sauti nyororo kiasi ninachoweza. Pale mbele yake nitasimama mimi, mwili wake mmoja. Atakosa nini?

Basi, Papa Hubert, weka maji ya chai na uandae moja ya zile kalamu tatu. Mwezi huu hautaisha kabla sijabisha hodi kwako.