Bwana Harusi wa Matikiti

Blanchard alipungukiwa mbuzi mmoja tu ili amwoe Ketsia. Wanne walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba yake. Wa tano angempata kwa kazi, lakini kazi ni jambo ambalo Blanchard, pamoja na akili zake zote, hakuwahi kulizoea.

Asubuhi moja mtaani Mudzipela akachungulia bustani ya mboga ya mama Alphonsine. Kulikuwa na miche sita ya matikiti yasiyo na mbegu, iliyotoka Kampala. Maua tele, tunda hakuna. Pembeni, mbuzi watatu wanono.

Blanchard alikuwa amesikia redioni kwamba tikiti la namna hiyo halizai mpaka lipate jirani wa kawaida, mwenye mbegu, ili nyuki wabebe chavua yake. Akaenda jalala la soko, akang'oa mche wenye maua uliojiotea, akautia kwenye kopo safi, akarudi amevaa tai.

"Mama, babibi iko hapa sita, bwana hapana. Njo maana hawazale. Huyu njo bwana. Utanipa mbuzi moja tu."

Alphonsine akamwita shemeji yake, muzee Isidore, msemaji wa harusi za nusu ya mtaa. Muzee akauzunguka mche, akakohoa.

"Siye njo famille ya babibi. Weye unaleta bwana. Sasa dot, mahari ya babibi, iko wapi?"

Majirani kwenye ua wakacheka. Blanchard hakutetereka.

"Nikilipa dot, batoto ni ba nani?"

"Ni ba bwana. Utachukua."

Akapiga hesabu kichwani: matikiti ishirini sokoni ni mbuzi wawili, hata watatu. Blanchard akamleta mbuzi wake mmoja saa hiyohiyo, akijipongeza kwa kumtapeli mzee mchana kweupe.

Matikiti yakazaa vizuri. Siku ya mavuno akaja na mkokoteni.

"Bibi sita, mbuzi moja," alisema muzee Isidore. "Umelipa ya bibi moja. Batoto ba bale tano wanabaki kwa bajomba mpaka umalize dot. Hata weye unajua."

Alijua, na ndicho kilichomuuma. Akaondoka na matikiti matatu.

Jumamosi akafika kwa muzee Augustin, baba yake Ketsia, na mbuzi watatu, matikiti matatu ya kuziba pengo la wawili na maneno matamu. Mzee akakata tikiti la kwanza, akapekua kwa ncha ya kisu. Akakata la pili, na la tatu.

"Mbegu iko wapi?"

"Hakuna, baba. Njo uzuri yake."

Shangazi wa Ketsia akafunika uso kwa kitenge. Mzee akafuta kisu taratibu.

"Mutoto yangu anaenda kwa bwana juu ya kuzala. Weye unamuletea tunda ile haiwezi kuzala, mbele ya batu bote. Aksanti kwa kutuonya mapema. Rudia kwenu. Mbuzi wanabaki, ni amende, faini ya kutupatisha haya."